Nusu Kichwa cha Bwana Harusi

Redio, fundi viatu wetu, alitangaza hata kabla hajaketi kwenye benchi langu la kahawa: "Mmesikia? Wachezaji mpira wakitoka mazoezini siku hizi wanatumbukizwa kwenye barafu! Maumivu kwisha!"

"Barafu ni ya samaki," nikamjibu, nikimmiminia kikombe.

Tungeishia hapo, ila mlango wa kinyozi ukafunguka. Akatoka Kifua, kinyozi mwenyewe, mikono inaning'inia kama suruali kwenye kamba. Nyuma yake kijana mwenye kitambaa shingoni. Kichwa upande mmoja upara, upande wa pili msitu.

"Bibi, nimekwisha," akasema Kifua. "Jana nilishindana pushapu na shemeji yangu. Leo mkono ukifika kifuani unagoma."

"Na mimi naoa saa kumi!" akalia kijana.

"Nenda kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara," nikamwambia.

"Ndiye huyo shemeji!" akasema Kifua. "Hata kitandani hajatoka."

"Barafu!" akaruka Redio.

"Maji ya moto na chumvi," nikasema.

"Bibi, unataka kumpika?"

"Afadhali mimi. Wewe unamhifadhi kama maiti."

"Basi akandwe!" Redio akamvamia bega kwa vidole vyake vya kushonea soli. Kifua akapiga yowe, mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia.

"Sasa dawa ya moto ni moto," Redio hakomi. "Apige pushapu nyingine, chache tu."

"Mwache alale siku tatu, mwili ujirudie," nikamkatiza.

"Siku tatu!" Bwana harusi machozi yakamlenga. "Bibi, mke wangu anione nusu?"

"Una bahati, mjukuu wangu. Wenzake huolewa na mzima, nusu wakaigundua baadaye."

Hakucheka. Nikamwonea huruma. "Kifua, mkono haupandi. Kichwa je, hakishuki?"

Tukaingia ndani. Kifua akakaa kwenye kiti cha wateja, mashine kaishika usawa wa kitovu. Bwana harusi akapiga magoti, akawa anapeleka kichwa na kurudisha, kama mbuzi anayejikuna ukutani. Redio anatangaza: "Kushoto! Rudi! We, hilo sikio!"

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga. Kichwa kikijinyoa hawakukiona.

Akainuka anang'aa kote, ila kapinda. "Bibi, shingo imekaza! Haigeuki!"

"Barafu..." akaanza Redio.

"Iache hivyohivyo," nikasema. "Kuanzia saa kumi, ya pembeni hayakuhusu."