Kiti cha Nyumba ya Saba

Jumatatu, 3 Juni

Barua ya onyo ya pili imefika. Bosi anasema nyumba arobaini kwenye njia yangu hazijasomwa mita za maji mwezi mzima, na barua ya tatu haitakuwa ya onyo, itakuwa ya kwaheri. Sikujibu. Mtu mzima hajibizani na karatasi.

Ukweli ni kwamba sina nafasi. Gemu yangu, Mgeni, ina nyumba saba. Unabisha, unaingia, unafanya kikazi kidogo, unatoka. Sita nimezimaliza. Ya saba inaniua kila mara. Naona kiti, nakaa, skrini inaingia giza, yanatokea maneno: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwisha. Mara mia moja na kumi na nne!

Shemeji, kaka yake mke wangu, ambaye kwa bahati mbaya tunafanya kazi ofisi moja, aliimaliza siku ya kwanza. Tangu hapo hali wali kwetu bila kuitaja. Anasema siri yake ni adabu tu. Piga hodi mara tatu, ngoja, wala usikae kabla hujakaribishwa kiti. Mke wangu akadakia kwamba hayo ndiyo anayoniambia tangu tuoane. Ndugu hawa!

Mpango: nitazitembelea nyumba zote saba, za kweli. Nitafute pale panapofanana na gemu, nifanye yaleyale, nipige picha. Shemeji alimaliza kwa vidole. Mimi nitamaliza kwa miguu. Sare ya msoma mita hufungua kila mlango.

Jumanne, 4 Juni

Siku ya ushindi, tuseme. Nyumba ya kwanza: kwa dobi. Kwenye gemu unakunja shuka kumi na mbili. Nilifika nne. Dobi akataka kujua shuka za wateja zimenikosea nini. Nikamwambia nakagua mita. Akauliza kama siku hizi mita tunazifunga ndani ya foronya, huku anachukua pasi. Nilitoka mbio. Picha ninayo.

Ya pili: kinyozi aliyehama, vioo vyote vimegeuziwa ukuta. Nilivigeuza, kama kwenye gemu, nikavirudisha upesi. Sitaki kuandika kwa nini.

Ya tatu: ukumbi wa sinema uliofungwa. Kazi ni kuhesabu viti vya safu ya mbele. Nikapata kumi na nane. Wakati wa kutoka nikahesabu tena, kumi na tisa. Mlinzi akasema hata yeye humtokea hivyo, akaendelea na gazeti lake.

Mita zilizosomwa leo: sifuri.

Jumatano, 5 Juni

Sita kati ya saba, tatu za mwisho asubuhi hii! Shemeji alikuja kula mchana, nikamfunulia picha kwenye simu, moja moja kama karata. Mke wangu ndiye aliyeuliza kwa nini nabeba kiti.

Kiti gani? Akanionyesha. Kwa dobi, nyuma kabisa, kiti cha mbao, mguu mmoja umefungwa kamba. Kwa kinyozi, kilekile. Kwenye sinema, kilekile, kimesogea karibu kidogo. Katika picha ya sita kipo mbele yangu kabisa, na mimi sikumbuki kuona kiti chochote.

Nikasema mafundi seremala siku hizi wanaigana mno. Mke wangu akataka nizifute. Shemeji akaweka kijiko chini, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya na chakula kikiwepo. Akaniomba kwa upole nisiitafute ya saba.

Upole! Nikaelewa papo hapo. Wivu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeipata, na iko kwenye njia yangu mwenyewe, miongoni mwa zile arobaini! Mlango wa kijani, ngazi tatu, dirisha moja la barabarani. Kama ilivyo kwenye gemu, mpaka ufa wa kizingiti. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, wote humwita Mama Cherehani, anasema ana miaka kumi na mmoja hapo na hajaona mtu akiingia wala kutoka.

Basi mbona mita inazunguka?

Polepole, jua la saa nane mchana likiwaka utosini. Nikaandika namba, mita yangu ya kwanza mwezi huu. Nikaweka sikio mlangoni. Mtu alikuwa anamimina maji kikombeni. Nikazuia pumzi. Na maji yakanyamaza.

Ijumaa, 7 Juni

Nimerudi saa nane ileile. Mita imepanda lita tisini. Kwenye mafunzo tuliambiwa lita tisini ndiyo siku ya mtu mmoja: kupika, kuoga, kufua. Mtu mmoja.

Nikapiga hodi. Moja tu, muda haukuniruhusu. Sauti ikasema karibu, ndogo na kavu, kama ya mtu aliyesahau kuongea. Mlango haukuwa umefungwa.

Ndani hapakuwa na mtu. Sebule iliyofagiwa, kikombe cha maji, kiti. Mguu umefungwa kamba. Nikagusa mahali pa kukalia, pana joto. Niliogopa, siandiki uongo hapa. Nikakumbuka kukaribishwa kiti, na kwa heshima zote nikangoja mpaka nikahesabu tatu. Hakuna aliyesema kaa. Kuna watu wazito kukaribisha! Nikakaa, nikanyoosha mkono, nikajipiga picha.

Picha imetoka safi. Ila mimi simo. Kiti kitupu, na nyuma yake, dirishani, mtu mwenye sare ya ofisi ya maji anashuka ngazi. Kola yake imechanika mahali palepale ilipochanika yangu.

Jumamosi, 8 Juni

Bado nimo. Nafungua mlango kutoka, naingia sebuleni. Natoka tena, sebuleni. Nimejaribu kinyumenyume, nimejaribu kwa kasi, nimejaribu kujifanya sitaki kutoka.

Nimemwita Mama Cherehani kutoka dirishani mpaka koo limekauka. Mara moja aliinua kichwa, akatazama dirisha muda mrefu, akarudi kwenye pindo lake.

Simu inapokea, haitumi. Ujumbe wa mke wangu umeingia asubuhi. Anashukuru kwa jana. Kwamba nilibisha hodi mlangoni kwangu mwenyewe. Kwamba nimetengeneza bomba la jikoni lililokuwa likivuja tangu mwaka juzi. Kwamba niliuliza yeye ameshindaje, na nikangoja jibu. Anasema sijui umepatwa na nini, lakini tafadhali usibadilike.

Nimeumia. Nimeusoma mara tisa.

Jumatatu, 10 Juni

Ujumbe wa Bosi: nyumba arobaini zimesomwa zote kabla ya saa sita, mwandiko unasomeka, barua ya onyo imefutwa. Ujumbe wa Shemeji: kumbe unaweza kuwa mtu.

Mwanzoni nilipiga ukuta teke. Halafu nikatulia, nikafikiri. Mtu anachapa kazi yangu juani. Anatengeneza mabomba yangu. Anamsikiliza shemeji yangu. Mimi nimekaa kivulini na kikombe kinachojaa chenyewe. Nani mjinga hapo?

Ila jioni nilisema jina la mke wangu kwa sauti, nijue kama bado nalikumbuka. Sauti ilitoka ndogo na kavu. Chaji imebaki asilimia sita.

Jumatano, 12 Juni

Saa nane mchana, hodi. Kimya. Hodi. Kimya. Hodi. Aliyebisha alijua kungoja, na sauti ilikuwa yangu.

Nikachungulia kwenye ufa. Kola imeshonwa. Ameinamia mita yangu, anaandika kwenye daftari langu la mita. Nikajua sasa ndipo pa kucheza. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Nikajikusanya, nikaita kwa adabu ambayo mke wangu angelia kuisikia: karibu, karibu ndani, karibu kiti!

Akashukuru. Akasema amekaa vya kutosha. Akaongeza kwamba nyumbani wote hawajambo, akasoma mita kwa sauti, lita tisini kwa siku, akavuka barabara. Mama Cherehani akainuka kumsalimia. Kwangu hakuwahi kuinuka.

Nililia kidogo. Simu imezima. Nimebaki na kalamu na muda mwingi wa kufikiri, na nimetumia mchana wote kutafuta kosa langu liko wapi, maana kosa ni lazima liwepo.

Nimelipata. Nilisita. Nilisimama pale mlangoni nahesabu moja, mbili, tatu kama mwanafunzi, nikampa nafasi ya kunitangulia. Shemeji na adabu zake ndiye aliyeniponza. Nikitoka hapa naanza gemu upya, nyumba ya kwanza mpaka ya saba, na safari hii sihesabu. Nitaingia, nitakaa.