Mtego Sebuleni kwa Ta Elpidius

Aliyeanza ni Masafa na kiredio chake. Masafa ni Cleophace, lakini hapa kijiweni kwa Stephania, njia panda ya Kamuli, jina la ubatizo tunakurudishia siku ya mazishi. Kiredio amekifunga kifuani kwa mpira wa baiskeli, na habari ikishamwingia lazima aitoe kabla kahawa haijapoa. Alhamisi ile akatutangazia kwamba wataalamu wanawashauri wananchi waweke mitego majumbani, ili kufuatilia wadudu wanaokula mazulia.

Nikamuuliza mazulia ya nani. Kijiji kizima kina zulia moja. Benchi lote likageuka kumtazama mwenye nalo.

Ta Elpidius, na Ta kwetu ni heshima ya mzee, hakugeuka. Alikuwa ncha ya benchi, suruali imenyooka kwa pasi, anakunywa kahawa ya Stephania kwa namna ya mtu anayemfanyia Stephania hisani. Kijiweni tunamwita Zulia, na jina analipenda, hapo ndipo tatizo lilipo. Enzi vanila ilipokuwa na bei, wenzake walinunua mabati. Yeye akashusha kutoka Bukoba zulia la sufu, jekundu, lina maua pembeni. Tangu lishuke halijakanyagwa. Limekunjwa, likavishwa nailoni, likasimamishwa kwenye kona ya sebule kama mgeni aliyekosa kiti. Watu wa kawaida wakienda pale wanatandikiwa nyasi, kama kwa kila mtu. Zulia linasubiri wanaostahili.

Na wanaostahili hawajazaliwa. Wazee wa kwanza waliokuja kumposa binti yake, Joviness, aliwaangalia viatu, akaliacha zulia pale pale konani. Wa pili aliwakunjulia nusu. Wale wazee wakakaa kwenye nusu yao, wakaelewa, wakaaga, hatujawaona tena. Joviness ni muuguzi wa zahanati. Watoto aliowapokea akiwa mgeni kazini sasa wanavaa sare za shule, na yeye bado anafagia uwanja wa baba yake.

Sasa Jumamosi ile walikuwa wanakuja wa tatu, kutoka Kibingo, kwa ajili ya kijana anaitwa Edgar. Msemaji wao tulikuwa naye benchini: Mujuni, mjomba wa Edgar, mfugaji, kijiweni anaitwa Kwato. Joviness alishamwambia mama yake, Benadeta, kwamba hawa nao wakirudishwa, yeye hataleta tena mtu mlangoni pale. Benadeta akamwambia Stephania peke yake, kwa siri, kwa hiyo kijiji chote tulikuwa tunajua.

"Mitego hiyo ninayo," Ta Elpidius akasema, taratibu, kama anayetaja shamba.

Akatueleza. Mpwa wake wa Mwanza ndiye aliyemletea. Ni vijumba vya karatasi, ndani vina gundi, na katikati kuna kidonge kinachonukia harufu ya jike. Dume likisikia harufu linakuja mbio, linanasa. Vidudu vyenyewe ni kama punje ya ulezi, vina madoadoa. Ameweka mitatu kuzunguka zulia, na yote imejaa. Mmoja umejaa mpaka gundi haionekani. Hapo akatabasamu.

Kwato akataka kujua vinakaangwa au vinachemshwa. Msimcheke. Mtu wa Kagera ukimwambia umetega wadudu na wamejaa, atakuuliza chumvi iko wapi, mazoea ya kula senene yametuharibu. Ta Elpidius akamjibu kwamba nyumba yake haili vitu vya zulia.

Masafa alikuwa amenyoosha kidole kama yuko darasani. Akasema redio haikusema hivyo. Redio imesema mtego hauwamalizi wadudu. Unakujulisha tu kwamba wamo na kama wanaongezeka, ili wewe sasa uchukue hatua.

"Basi hiyo ni tume," nikasema. "Inaundwa, inakaa, inahesabu, na walaji wanaendelea kula."

"Tume ina posho," Kwato akasema. "Hiyo ina gundi tu."

"Posho nayo ni gundi. Umewahi kuona mtu anabanduka?"

Stephania alikuwa anapuliza makaa. Yeye ndiye Spika wa kijiwe hiki, akinyanyua birika mnanyamaza. Akamuuliza Masafa, hilo dume linalonasa, ndilo linalokula zulia? Masafa akasema hapana. Wakubwa wakitoka nje wanakula vumbi la maua huko mashambani. Wanaokula zulia ni watoto, vibuu vyenye manyoya, na wanapenda ndani ya mkunjo, gizani, mahali pasipoguswa na mtu.

"Kwa hiyo baba amenaswa na harufu ya mwanamke ambaye hata hayupo," Stephania akasema, "na watoto wako nyumbani wanamaliza nyumba."

Akatupitia kwa macho mmoja mmoja.

Ta Elpidius akarudi kwenye hoja yake: mitego mitatu imejaa, adui kaisha. Tukamwambia mtego ukijaa hiyo ndiyo habari mbaya yenyewe. Akatutazama kwa huruma, akasema watu wasio na zulia wana maoni mengi sana kuhusu mazulia. Stephania akamwuliza kwa nini basi asifanye anachoombwa na mkewe kila siku, alitoe nje, alikunjue, alipige fimbo, alianike juani.

"Nikilianika nje watu watasema nyumba yangu ina wadudu."

"Na sasa hawasemi?"

"Sasa wanasema nina mitego."

Kwato akaweka kikombe chini. Alikuwa na mzaha wake siku zote, lakini huyu alikuwa mkwe mtarajiwa, akalazimika kuongea kwa adabu. "Mzee, sisi ni watu wa ng'ombe. Bibi yetu Nyirabahire amekulia kwenye ngozi, na ngozi tunazianika kila jua likiwaka. Tutandikie nyasi tu, tukae, tuongee, watoto waoane."

"Safari hii nalikunjua lote," Ta Elpidius akasema. Na yule Kwato, mwenye ng'ombe wake huko mbugani wa kumtosha yeye na ukoo, ikambidi aseme asante.

Jumamosi nilikuwepo, upande wa majirani wa mke. Mimi hapa kijiweni naitwa Mstaafu, ingawa sijawahi kuajiriwa, na mtu asiye na kazi hakosi shughuli ya watu. Benadeta alikuwa ametandika nyasi mbichi, sebule inanukia vizuri, na ndizi ziko jikoni. Wageni wakaingia, Nyirabahire katikati yao na fimbo yake, tukaamkiana kwa zamu mpaka shikamoo zikatosha. Hapo Ta Elpidius akasimama na kuamuru nyasi ziondolewe.

Benadeta akamwambia kwa sauti ya chini aache. Hakuacha. Akaikata nailoni kwa kisu mwenyewe. Akatoa na hotuba, nikaona aibu kabla hata ya aibu yenyewe: kwamba binti wanayemfuata hakulelewa kwenye vumbi, amekulia nyumba yenye zulia, na wao leo ndio wa kwanza kuliona lote. Kisha akalisukuma kwa mguu.

Mzunguko wa kwanza ulitoka mwekundu, na maua yake. Wa pili ulitoka na unga. Wa tatu tukaanza kuona sakafu. Kuanzia hapo sufu ilikuwa imebaki viraka viraka, katikati nyuzi tupu, na vibuu vya manyoya vikitambaa kuelekea kwa wakwe. Kuku wa Benadeta akaingia kutoka jikoni, akaanza kula. Hakuna aliyemfukuza, maana ndiye pekee aliyekuwa na la kufanya.

Msemaji ni msemaji, lazima aseme. Kwato akavua kofia. "Mzee, tuliambiwa nyumba hii haifugi."

Mtu wa upande wetu akachekea puani. Huyo alikuwa mimi. Lakini Nyirabahire hakucheka. Akazifuata zile nyasi pale zilipolundikwa, akazivuta kwa mikono yake, akazitandaza juu ya yale matundu, akakaa. Akaomba kahawa ya kutafuna, buni anayopewa mgeni aliyekaa. Wazee wenzake wakafanya vivyo hivyo.

Mambo yalikuwa yameshapona kabisa hapo, laiti naye angekaa tu. Ta Elpidius akakataa kukaa. Akasema anaomba radhi na anaomba tuahirishe. Ataagiza zulia jingine, wageni watapewa tarehe.

Kwato akamtazama Nyirabahire. Nyirabahire akatazama fimbo yake. Watu wa Kibingo hawaji mara mbili kuangalia zulia, na sote pale tulilijua hilo. Benadeta alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, analia bila kujificha.

Kwa mila binti hatoki mpaka aitwe. Joviness alitoka. Akapiga magoti mbele ya baba yake, kwa heshima zote.

"Tata, hilo zulia umelificha miaka yote ukisubiri watu wa kulifaa, mpaka limeisha. Mimi bado sijaisha. Naomba uongee na hawa hawa, leo."

Ta Elpidius alimwangalia binti yake, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aanze kuangalia viatu vya watu. Kisha akakaa kwenye nyasi, kando ya Nyirabahire. Akaanza kwa kukohoa. Mpaka ndizi zinaiva walikuwa wamemaliza, na Edgar alikubaliwa. Hakuna aliyewaangalia wazee wake viatu.

Jumatatu tulimsubiri kijiweni kama watu wanaosubiri matokeo. Akaja, akaagiza kahawa, akakaa ncha ile ile. Hakuna aliyemwuliza kitu, akaanza mwenyewe. Akasema wataalamu walikuwa sahihi, mtego ule ulisema kweli tangu siku ya kwanza.

"Ulisema," Masafa akasema. "Na mkeo alisema. Tena yeye bila gundi."

Ta Elpidius akanywa kahawa. Kwato, aliyelala kwa wakwe na aliyekuwa njiani kurudi, ndiye aliyetupasha yaliyobaki. Benadeta ameliburuta zulia nje mchana kweupe, amelipiga fimbo mbele ya majirani wote, akachagua kipande kilichosalimika, akakikata kwa panga na kukilaza mlangoni. Sasa kila anayeingia anafuta miguu.

"Linakanyagwa?" Stephania akauliza.

Ta Elpidius akaangalia ndani ya kikombe.

Stephania akafunika birika, akafukia makaa kwa majivu, akajifunga khanga. Akasema anakwenda kumpongeza mama wa binti, na akifika pale atafuta miguu vizuri sana, wa kulia na wa kushoto. Masafa akazima redio, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kwato akanyanyuka na buti zake za zizini, zina samadi ya wiki nzima. Nikafuata mimi, na benchi lote likafuata nyuma yangu.

Tulikuwa tumeshaifikia migomba ya kwanza tulipomsikia Ta Elpidius anatukimbilia.

"Jamani," akasema, anahema, "vueni viatu kwanza."