Sauti ya Phelix na Vumbi la Chai

Jumatatu, tarehe 6 Agosti 1956

Nimemkosea Phelix. Naandika hivyo kwanza, kabla sijaanza kujitetea.

Ni hii mchezo ya kuigiza. Kila mwaka mimi ndiye mzee wa mchezo hapa kambi ya kiwanda cha chai. Mwaka huu Mwalimu Zacheus amempa Phelix. Mtu wa juzi! Ati sauti yake ni kama kengele ya kanisa. Mimi nimepewa askari. Maneno mawili: Mzee, unaitwa. Na hii tumbo yote!

Atakayefanya vizuri siku ya mchezo, Jumamosi, ataenda mashindano ya Kericho, Oktoba.

Basi nikamwendea Kiptanui, mnyapara wa kiwanda. Mimi ni karani, ananisikiza. Nikasema Phelix analala kazini, huko juu kwa hewa, majani yanakonyaushwa. Apelekwe chini kuchekecha chai. Huko ni vumbi tupu. Hiyo kengele itapasuka.

Mungu anisamehe. Lakini si wiki hii.

Jumatano, tarehe 8

Phelix anakohoa! Nikamwambia pole, ndugu yangu. Akanishukuru. Mtu mbaya sana.

Nimeshika maneno yake yote ya mchezo. Syprose, mke wangu, akauliza kwa nini nalia jikoni. Nikasema nakufa, nagawia watoto shamba. Akasema nikimaliza kufa nilete kuni.

Ijumaa, tarehe 10

Sauti imekwisha kabisa! Nikamwambia Mwalimu niko tayari. Akasema tungoje kesho. Nimepiga koti pasi.

Jumamosi, tarehe 11

Nilisahau kitu kimoja. Huyo mzee wa mchezo ni mgonjwa!

Phelix akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mtu amebakisha pumzi mbili. Akakohoa, kikohozi ya kweli, wamama wakalia. Beldina, bibi yake, akapanda jukwaani na kikombe cha maji. Watu wakapiga makofi, wakafikiri ni mchezo! Syprose wangu alilowesha leso yote.

Nikasema Mzee, unaitwa. Mtu akanipigia kelele kutoka nyuma: we askari, wacha mzee afe pole pole!

Phelix ndiye anaenda Kericho.

Jumapili, tarehe 12

Mahubiri ilikuwa ya wivu. Nani alimwambia pasta?

Nje nikamkuta Phelix ameshika kifua. Beldina akaniomba, shemeji, nimsemee kwa Kiptanui, kwa vile nina roho nzuri. Roho nzuri! Nikalia machozi ya kweli. Nikaangalia kama Mwalimu ameona. Hakuona.

Naapa. Kesho Jumatatu, kabla king'ora ya kwanza, nitamwambia Kiptanui ukweli: Phelix hakulala, mimi ndiye nilidanganya. Arudi juu kwa hewa safi, apone, sauti yake irudi kama kengele. Na nafasi yake huko chini nichukue mimi, karani mzima, bila hata kitambaa ya kufunga mdomo.

Hiyo ndiyo toba.

Ikifika Oktoba, sauti yangu itakuwa imeharibika vizuri sana.