Nataka Kufukuzwa Mjini

Jumatatu, 5 Machi 1951

Barua ya dada Kokuberwa kutoka Bukoba. Mbaya! Ansbert, mtoto wa baba mdogo, ameingia kwenye kibanja changu, shamba langu la ukoo, na anakata ndizi kana kwamba aliipanda yeye ile migomba. Ukoo umeamua: nisipoonekana kwa macho kabla ya Pasaka, kibanja ni chake. Pasaka ni tarehe 25. Mie niko huku Dar es Salaam, Temeke, nabeba magunia kwenye ghala la Bwana Bandali. Kufika kwetu ni treni mpaka Mwanza, kisha meli. Nauli sina.

Gozbert, Mhaya mwenzangu tunayekaa chumba kimoja, anashauri nimwandikie Ansbert barua kali. Barua! Itamshika mkono? Gozbert ni karani wa kuhesabu magunia, basi anadhani karatasi inaweza kila kitu.

Jumanne, 6 Machi

Nimemwambia Bwana Bandali tumbo linauma. Nikaenda kwa Liwali kuomba shauri la kibanja. Nafasi sikupata, ilikuwa zamu ya kesi za fujo. Nikakaa nyuma, nikasikiliza.

Aliyemtukana jirani usiku kucha: onyo. Wawili waliopigana ndoo bombani: siku saba jela kila mmoja. Wa mwisho hana kazi, hana kipande cha kuonyesha siku alizofanya kazi, na amefanya fujo sokoni mara mbili: arudishwe kwao Songea, nauli ya serikali, na askari wa kumsindikiza!

Yule mjinga akalia. Mie nilitaka kupiga makofi.

Nimerudi nyumbani tumbo limepona kabisa.

Alhamisi, 8 Machi

Fujo ya kwanza. Shida: ni Kwaresima na nimemwahidi padri sinywi mpaka Pasaka. Nikajimwagia tembo la mnazi kwenye shati, nikaenda bombani wanawake wakiteka maji. Nikayumba. Nikaimba. Nikatukana ndoo. Watu sikuwatukana, kwa sababu ya Kwaresima.

Wanawake wakacheka mpaka maji yakamwagika. Mmoja akaniambia, “Kaka, rudia ile ya mwanzo.” Nikarudia. Ilikuwa vigumu kukataa.

Askari Nassibu akaja. Akanusa shati. Akanusa mdomo. Akatangaza mbele ya watu wote kwamba mlevi hapa ni shati, mwenye shati ni mzima, na shati halishtakiwi. Akaniamuru nilifue palepale. Nimefua. Nimepanga foleni ya maji kama mtu mwema!

Jumamosi, 10 Machi

Onyo halinifai, jela hainifai. Lazima fujo nzito. Nimemwomba Gozbert tupigane kidogo barabarani, kindugu tu. Amekataa, eti kapiga pasi suruali yake. Nikamvua kofia nikaitupa mtaroni.

Kumbe Gozbert ana mkono! Jicho langu la kushoto limevimba mpaka limefumba. Nassibu katukamata wote wawili. Njiani Gozbert ananiita mshenzi, mie naimba.

Jumatatu, 12 Machi

Kesi. Nilikiri hata kabla shtaka halijasomwa. Nikamwomba Bwana Liwali anirudishe kwetu mara moja, mji huu haunistahili. Liwali alikuwa anashika kalamu! Mara nje nikasikia motokaa. Bwana Bandali huyo, mkononi kipande changu, siku zote zimejazwa.

Akasema Projestus ni mpagazi wake bora. Haibi, hachelewi, anabeba magunia mawili ambapo wengine wanabeba moja. Miaka minne namfanyia kazi sijasikia hata ahsante, na sifa zote kaja kuzimwaga leo!

Liwali akasema mwenye kazi si mhuni. Hukumu: mimi na Gozbert tufagie uwanja wa baraza siku mbili. Gozbert kafagia na viatu vyake vyeusi, hasemi nami.

Jumatano, 14 Machi

Kazi ndiyo inayoniponza. Asubuhi nimemwambia Bwana Bandali naacha kazi. Akaniambia nikanawe uso nirudi. Nikachana kipande mbele yake. Akasema, “Wewe, Projestus?” tu. Roho iliniuma kidogo, lakini migomba ni migomba.

Kutoka hapo moja kwa moja barazani. Kesi inaendelea, nikaingia napiga mayowe ya moto. Wazee wa baraza wakatoka kupitia madirisha, Liwali mwenyewe akapoteza kiatu kimoja. Nassibu akanishika mkono polepole, akaniuliza, “Ndugu yangu, leo shati gani tena?”

Alhamisi, 15 Machi

Hukumu! Hana kazi, hana kipande, mara ya pili: arudishwe kwao. Nikapiga magoti, nikamshukuru Liwali na watoto wake.

Karani wa Liwali akafungua buku la kodi aandike kwetu ni wapi. Akasoma: Kisarawe, hapa jirani tu.

Niliwahi kusema hivyo, kweli. Mwaka juzi siku ya kulipa kodi, foleni ya watu wa bara ilikuwa juani, ya watu wa Kisarawe ilikuwa barazani kivulini na ilikuwa fupi. Mtu mwenye akili angefanya nini?

Nikapaza sauti kwamba mie ni Mhaya wa Bukoba. Liwali akasema kila anayerudishwa kwao hukataa kwao. Nikaomba shahidi. Akaitwa Gozbert, aliyekuja na kofia yake bado ina tope. Akaulizwa kama ananijua. Akanitazama sana, akasema ananijua kwa sura.

Kwa sura! Tunalala mkeka mmoja!

Jumamosi, 17 Machi

Nimefukuzwa mjini nikafika nilikofukuziwa kabla ya chakula cha mchana. Lori halikupata hata nafasi ya kuharibika. Nassibu kanibebea sanduku, kanikabidhi kwa jumbe wa Kisarawe, kanitakia heri pamoja na jamaa zangu.

Jumbe akauliza mimi ni mtoto wa nani. Wazee wakanizunguka, wakanitazama pua, wakabishana. Hakuna aliyenidai. Mke wa jumbe kanipa muhogo. Dar es Salaam marufuku kurudi. Pasaka bado siku nane, na Ansbert yuko kibanjani kwangu.

Nilikata tamaa mpaka saa kumi hivi. Halafu nikafikiri vizuri. Mji mmoja umenisogeza kwa kesi mbili tu za fujo. Kosa halikuwa fujo, kosa lilikuwa jina la mahali. Kisarawe wakinichoka watanirudisha “kwetu” Morogoro. Morogoro watanirudisha “kwetu” Dodoma. Kisha Tabora, kisha Mwanza, yote kwa lori na treni za serikali. Siku nane zinatosha, nikitukana bila kupumzika.

Nimemwambia jumbe kumbe nimekumbuka, mimi ni wa Morogoro. Nimemwuliza pia baraza lake linakaa lini. Amesema Jumatatu.

Vizuri. Kesho ni Jumapili ya Matawi, nitaenda kusali. Fujo kesho kutwa.