Diski Yenye Mikia Miwili

Nimeaibika, jamani. Tena si barabarani, ni nyumbani kwetu Mkunazini, mbele ya watu kumi na saba. (Nimewahesabu. Nilikuwa sina pengine pa kutazama.)

Ami Salim, mdogo wake marehemu baba, yupo Unguja kutoka Maskati. Miaka kumi na moja hajatia mguu hapa. Bibi, mama yake, alipofariki, hata maziko hakuyawahi. Juzi akaniuliza kwa unyonge, "Khamis, hivi hakuna aliyewahi kuirikodi sauti ya mama?"

Nikajibu mbio, "Ipo, Ami! Mie ninayo!"

Na kweli ninayo. Mwaka 2002 nilimrikodi Bibi akitoa hadithi zake, nikazitia kwenye diski ya nje, hizi tunazoziita eksteno. Ami akajifuta macho. Shangazi Zuhura, dada yake, akaalika ukoo. Leo baada ya sala ya Ijumaa likaliwa pilau, watoto wakakalishwa kwenye mkeka, nami nikaitoa laptopu yangu mpya, nyembamba kama chapati. (Nimeinunua mwezi uliopita. Mtaa mzima unajua, kwa sababu nimewaambia.)

Nikaichomeka diski. Taa ikawaka. Ndani ikaanza: tk, tk, tk. Kwenye laptopu hakuna kitu.

Nikachomoa, nikachomeka tundu la upande wa pili. Tk, tk, tk. Nikaipuliza. Nikaiweka sikioni kama daktari. Watu wote wananitazama mie.

Nikavaa uso wa msiba. "Ami, diski imekufa."

Nyuma kule mtu akasema, "Inna lillahi." Wallahi sitanii! Ami akainamisha kichwa, na mie nikatamani sakafu ipasuke.

Shangazi Zuhura, ambaye tangu azaliwe hajagusa kompyuta, akauokota waya wa diski.

"Khamis, na huu mkia wa pili wa nini?"

Waya wa diski zile una vichwa viwili vya kuchomeka. Mie siku zote natumia kimoja.

"Huo wa akiba, Shangazi. Kikiharibika kimoja unatumia chengine."

"Aa. Na ukivichomeka vyote viwili, inaripuka?"

(Kumbukeni, mie ndiye ninayeitwa mtaani kutengeneza kompyuta za watu.)

Nikasema haya, tujaribu. Lakini laptopu yangu ina tundu moja kulia, jengine kushoto, na mkia wa pili haufiki. Nikavaa viatu, mbio mpaka Darajani. Nikamwambia mwenye duka nataka waya wa kurefushia USB.

"Wa eksteno ya zamani?" akaniuliza bila ya kuinua macho. "Zile hazishibi tundu moja. Umeme wake hautoshi. Mbona kila mtu anajua."

"Nnamnunulia jirani," nikamwambia.

Nikarudi natweta. Nikachomeka mikia yote miwili. Diski ikaguna, ikazunguka, ikatokea kwenye kioo! Vigelegele! Ami akanikumbatia. Nikaona huu ndio wakati wangu, nikaunganisha na spika, ile kubwa ya maharusini aliyotuazima jirani. Faili la kwanza limeandikwa "Bibi 1". Nikalifungua kwa madaha, kidole cha mwisho nimekiinua juu.

Spika ikanguruma:

"Dakika ya tisini hapa uwanja wa Amani! Mpira anao Khamis! Anampiga chenga mmoja! Wa pili! Kipa huyoo kalala... Gooooli! Khamis tena! Bao lake la tano leo!"

Sauti yangu.

Ndipo nilipokumbuka. Siku ile, kabla ya kumrikodi Bibi, nilijaribu maikrofoni. Peke yangu. Chumbani. Nilijaribu kwa muda mrefu kidogo. (Katika maisha yangu sijachezea hata timu ya mtaa.)

Nikataka kuzima. Kwa pupa, badala ya kuzima nikaongeza sauti! Sasa mtangazaji anamhoji mchezaji, na wote wawili ni mie.

"Khamis, mashabiki wanataka kujua siri ya mafanikio yako."

"Kwanza namshukuru Mungu. Pili ni nidhamu. Na sura pia inasaidia."

Binamu yangu Rashidi alianguka kwenye mkeka. Mke wangu kajifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika. Nikaukimbilia waya wa spika niung'oe, na hapo hapo kwenye spika mlango ukagongwa. Ngo ngo ngo!

"Khamis! We Khamis! Unasema na nani humo ndani?"

Rashidi akainuka kwenye mkeka. Bibi.

"Na... na mtu, Bibi."

"Mtu gani? Nshakutuma mkate wa boflo tangu alasiri, chai inapoa! Mwanamme mzima umejifungia chumbani unajitangaza mpira! Fungua mlango!"

Ami Salim aliruka kitini. Anacheka, machozi yanamtiririka mpaka ndevuni. "Mama huyo! Mama mwenyewe! Na mie akinigombeza hivi hivi!" Shangazi Zuhura akamshika mkono, wakacheka wote wawili kama watoto waliofumwa jikoni. Mie nimesimama katikati, waya wa spika mkononi, na sikuung'oa tena.

Hadithi za Bibi tumezikuta kwenye mafaili yanayofuata, nzima, na tumezisikiliza zote. Lakini kila moja ikimalizika Ami anasema, "Haya Khamis, irudishe ile ya boflo." Mara sita! Ilipofika mara ya nne watoto walikuwa wanatangaza mpira pamoja na mie.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mwenye diski ya zamani kabatini aichomeke mikia yote miwili. Kisha aisikilize kwanza peke yake, mlango kaupiga komeo.