Chozi la Kuuaga Mtaa

Jumatatu, 4 Machi
Mtaa wetu unavunjwa, yanakuja maghorofa. Studio yangu ya picha za pasipoti nayo imo. Kampuni ya ujenzi inataka mpiga picha mmoja: picha yake itabandikwa kwenye uzio wa mabati, kisha apewe kazi ya mradi mzima. Nisipoipata, kwisha mimi! Na shemeji naye kaomba. Mdogo wa mke wangu, niliyemfundisha mwenyewe kushika kamera! Mke wangu anasema mdogo wake ana jicho. Mimi nina nini, kope? Wivu unanila, na sioni haya kuuandika.

Jumanne, 5 Machi
Nimechungulia picha za shemeji. Ngazi isiyo na nyumba. Mlango uliobaki peke yake. Nzuri, mshenzi yule! Nikamwambia hazina mtu. Akanishukuru kwa ushauri. Mnafiki! Mimi nitawapa mtu, tena analia. Nyumba ya shangazi inavunjwa kesho.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Shangazi kaja na gauni jipya, anacheka. Eti paa lilimvujia kitandani miaka yote, walivunje upesi. Nikamsihi alie kidogo tu. Akauliza nani kafa. Nikatoa kitunguu, nikakikatakata chini ya pua yake. Akauliza nyama iko wapi. Tingatinga likaangusha ukuta, vumbi tele, macho yananiwaka moto. Nikampigia magoti, namwomba kwa jina la marehemu baba, machozi yananichuruzika, kamera nimeisahau shingoni. Mara nikasikia kamera nyingine ikilia klik! Shemeji, nyuma ya rundo la matofali.

Ijumaa, 8 Machi
Niko kwenye uzio. Uso mpana kama mlango wa lori, midomo imepinda, machozi hadi kidevuni. Chini wameandika: Mkazi akiuaga mtaa wake. Kazi kapewa shemeji. Muuza duka kanipa pole, eti hakujua nina moyo laini hivi. Mke wangu kaitazama akalia. Picha zangu hazijawahi kumliza hata siku moja! Hilo ndilo limenichoma zaidi.

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari, kosa nimeliona: shangazi. Si mtu wa kulia yule. Wiki ijayo wanavunja soko, na mama mkwe ana kibanda pale. Huyo hulia hata kwenye harusi za watu asiowajua. Picha moja tu, na kampuni itamsahau shemeji. Nimemwomba asianze kulia mpaka nifike. Kakubali. Kauliza tu kama aje na mwanawe. Nikamwambia aje naye, akajifunze kazi.