Viungo Vilivyofunguka Kwangu Tu

Leo nimeaibika, tena ukutani, kwa herufi kubwa.

Mnaonijua mnajua sijawahi kutulia mahali. Nilikaa Mackinnon Road nikipakia malori. Nikakaa Kibuyuni nikianika mwani (mpaka leo nikisikia harufu ile, nguo zinataka kujipanga zenyewe mkobani). Diani nililinda lango la hoteli, na hapo ndipo nilipojifunza kuandika programu, kwenye laptopu kuukuu, mimi na cheti changu cha kidato cha nne. Na leo nilikuwa napewa kazi ya kudumu.

Kazi yenyewe ni hivi. Bi Rukia, hapo Ukunda, anaongoza watu wanaotengeneza maktaba ya programu. Si ya vitabu. Ni vyombo vya kupangia data: foleni, rundo, kamusi, vilivyoandikwa kwa lugha ngumu ile inayozungumza na mashine kwa karibu. Kila chombo kina ukurasa wake wa maelezo, na chini yake pameandikwa "tazama pia" pamoja na kiungo; ukikibofya, unapelekwa kwenye ukurasa wa chombo kingine. Sasa viungo hivyo vingi vilikuwa vimekufa. Unabofya, unatua patupu.

Bi Rukia akaniambia, "Kaka Jumaa, virekebishe. Vikifunguka Jumamosi mbele ya wenzetu, wewe ndiye mtunza maelezo, kwa mshahara. Lakini nataka mtu wa kukaa."

"Mimi nimeshatulia, Bi Rukia." (Uso mkavu kabisa.)

Nikafanya kazi, wallahi. Nilisoma kila ukurasa. Njia yangu ilikuwa rahisi: nafungua ukurasa ninaoutaka kwenye laptopu yangu, nanakili anwani iliyo pale juu, naibandika kwenye kiungo. Nabofya. Kinafunguka! Nikavijaribu vyote, vyote vikafunguka. Mutiso, kijana wa bara tunayefanya naye kazi, akaomba avipitie kwanza. Nikamwambia asijisumbue.

Leo asubuhi nikapiga pasi shati. Tukakutana kwenye chumba chetu juu ya duka la dawa, watu wamejaa hadi mlangoni. Bi Rukia akaunganisha kompyuta yake na projekta. Yake, si yangu. (Hapa ndipo ningepaswa kuugua ghafla.)

"Tuanze wapi?" akauliza.

"Bofya popote utakapo," nikasema, mikono nyuma kama mkaguzi.

Akabofya kwenye Foleni. Ukuta ukaandika: *Faili haikupatikana.*

"Mtandao huo," nikasema. "Ukunda nayo!"

"Mtandao uko fiti, budaa," Mutiso akajibu kutoka nyuma. "Mimi hapa naangalia mpira."

Bi Rukia akabofya Rundo. Haikupatikana. Kamusi. Haikupatikana. Jasho likaanza kuharibu kazi ambayo pasi ilikuwa imemaliza.

Mutiso akaja mbele, akachungulia. "Ngoja. Hizi anwani zote zinaanzia kwa laptopu yako! Zinafunguka kwako peke yako. Ni kama umemwelekeza mtu dukani, ukampa ramani ya chumba chako cha kulala."

Watu wakacheka. Nikacheka nao, nikidhani yameisha. Kumbe Bi Rukia alikuwa ameikuza anwani ili walio nyuma waone. Ikatanda ukuta mzima, na akaisoma polepole, kwa Kiswahili chake kile kisafi:

"Nyumbani, Jumaa, *kabla-sijahama-tena*, maelezo, kamusi."

Halafu mama mmoja karibu na dirisha akasema, "Subhanallah," na kicheko kikapasuka upya.

Ndilo jina la folda yangu, wenzangu. Na liko ndani ya kila kiungo. Kila ukurasa wa maktaba ile sasa unaitangazia dunia kwamba Jumaa yuko mbioni.

Bi Rukia hakucheka. "Unahama lini, kaka?"

Nilitaka kudanganya, lakini ukuta ulikuwa bado unasomeka. "Sijui, Bi Rukia. Folda kama hiyo huifungua kila nifikapo mahali. Nikijua naondoka, ndipo naweza kukaa."

Bi Rukia akafungua ukurasa wa Foleni moja kwa moja, bila kupitia viungo vyangu. "Hapa palikuwa na kosa. Paliandikwa kwamba anayetolewa kwanza ni yule wa nyuma. Nani amelirekebisha?"

"Mimi. Nilipokuwa napita."

"Watu wamepita hapo tangu tuanze, hakuna aliyeliona." Akazima projekta. "Kazi chukua. Ukihama, hama nayo, maelezo hayajali uko wapi. Ila Jumatatu nataka viungo vinavyofunguka hata kwangu. Na Mutiso avione kwanza."

"Naam, Bi Rukia."

"Budaa," Mutiso akaninong'oneza mlangoni, "ukienda Kibuyuni tuachie anwani. Ya ukweli."

Nimefika nyumbani. Kwa aibu, kitu cha kwanza nimeibadilisha jina folda ile. Sasa inaitwa *nimekaa*. Na viungo vyote, ambavyo bado vinatafuta jina la zamani, havifunguki tena hata kwenye laptopu yangu mwenyewe.

Anayetaka kucheka na acheke baada ya Jumatatu. Kwa sasa naomba mtu wa kunisaidia kubofya.